Vitanda Vinane vya Hombolo

Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu
10 Mei 1992

Badria,

Salamu utazikuta mbele, kwanza nikugombeze. Tangu lini bibi mtu akapata habari za safari yake mwenyewe kwa muuza vitumbua? Jumanne asubuhi nimesimama na kibakuli changu, mama wa watu ananiambia, "Bi mkubwa, nasikia mnakwenda kupumzika Hombolo, ukoo mzima." Nikamwambia ndiyo. Ningemwambiaje, kwamba nyumbani kwangu mambo yanapita juu ya kichwa changu kama kunguru? Nimerudi ndani na vitumbua vinne na hamu imekwisha.

Umemwandikia ami yako Shomari. Shomari akamwambia mkewe Tatu, na jambo akishalijua Tatu halihitaji tena redio. Mimi niliyekulea tangu baba yako alipofariki nimekuwa wa mwisho, baada ya muuza vitumbua.

Basi. Hujambo, mke mwenzangu. Sisi wazima, ila mguu wangu wa kushoto haujaacha ukorofi. Nyumba ya jirani yenye mlango wa bluu imebomolewa, bwana mmoja mwenye fedha mpya anajenga ghorofa tano. Vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye mchuzi. Jana Tatu kaniuliza kama nimezidisha chumvi, nikamwambia hiyo si chumvi, hiyo ni ghorofa ya pili. Shomari anauza makoti ya mitumba kule Mchikichini, katika joto hili, halafu kila jioni anashangaa kwa nini hayatoki.

Sasa hiyo safari. Nimeuliza Hombolo ni wapi, nikaambiwa ni Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu za mvinyo. Baba yangu mimi alikuwa muadhini, Badria. Leo binti yake aende kupumzika kwenye ulevi? Na kupumzika kutoka kwenye nini? Nimekwambia nimechoka? Halafu wewe ni mwalimu, serikali imekupa chumba kimoja na kamba ya kuanikia nguo. Sisi ni watu saba. Tutalala wapi, darasani juu ya madawati?

Mie bara siijui na sina haja ya kuijua. Jibu upesi, na utume kwa sanduku la posta la dukani kwa Mansukhlal kama siku zote, si kwa mkono wa dereva wa lori.

Bibi yako,
Binti Abdulmalik

Nimeandika kwa mkono wangu. Usidhani nimeandikiwa.


Hombolo
2 Juni 1992

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili kwa ajili ya kosa. Barua yako ilikaa siku kumi ofisi ya kata, karani alikuwa msibani na ufunguo mfukoni. Natumaini mguu unapata nafuu. Wasalimie ami na mama mdogo Tatu. Mimi mzima. Darasa langu la tatu lina watoto tisini na mmoja na chaki mbili. Mvua zimekwisha, sasa ni zamu ya upepo.

Bibi, nilimwandikia ami kwanza kwa sababu nilijua utakataa kabla sijamaliza kukuamkia. Naomba usikatae, sikiliza kwanza. Mje wiki ya kwanza ya Septemba, nina likizo fupi na ndiyo mavuno. Hapa kuna bwawa kubwa, kuna hewa, na mchuzi hauna saruji. Zabibu unazichuma mwenyewe unakula pale pale shambani. Za mvinyo ni za mvinyo na za kula ni za kula, na hakuna mtu atakayekumiminia chochote kwenye kikombe.

Kulala kusikutie wasiwasi. Kuna nyumba yenye vitanda vinane, kila kimoja na godoro na chandarua. Ilikuwa ya wageni wa mradi wa kilimo. Mradi ulipofungwa vitu vikauzwa, na mwenye nyumba akainunua pamoja na vitanda vyote. Mwenye nyumba alikuwa bwana shamba wa serikali, mwaka jana walipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, sasa analima zabibu zake. Mwenye nyumba ni mtu wa adabu. Mwenye nyumba anasali. Mwenye nyumba anauliza kama unapenda kuku au samaki wa bwawani, na kama godoro lako liwe laini au gumu. Ngazi ya mlangoni ilikuwa ndefu, mwenye nyumba ameijenga upya iwe fupi kwa ajili ya mguu wako.

Ami amesema yeye hana kipingamizi. Tunakungoja wewe tu.

Mjukuu wako,
Badria


Kariakoo
21 Juni 1992

Badria,

Marahaba, ya kwanza na ya pili.

Idi imepita salama, tumechinja mbuzi mdogo mwenye hasira kubwa, aliyekula nusu ya ukili wangu wa mkeka kabla kisu hakijamfika. Shomari amejichukulia koti moja katika yale yasiyotoka, la baridi ya Dodoma, lina kola ya manyoya na ndani limeshonwa jina la Mzungu. Tatu amekwisha kufunga mizigo. Septemba bado miezi miwili na zaidi, na sasa tunapikia sufuria moja, nyingine zimo kwenye kapu la safari.

Kisomo cha watu wazima nilisoma miaka miwili tu, lakini kuhesabu walinifundisha. "Mwenye nyumba" umemwandika mara sita. Jina lake hukuliandika hata mara moja. Mtu asiye na jina anaujuaje mguu wangu?

Barua yako nimeichukua dukani Mchafukoge, na nikaisomea pale pale kwa sababu ya mwanga. Janki, mke wa Mansukhlal, ananijua tangu Mansukhlal ana nywele. Kaniuliza kuna nini, mbona nimenuna. Nikamsomea pale penye vitanda. Kaweka mkasi wake chini.

"Huyo bwana ana mke?"

"Hakuandika."

"Watoto?"

"Hakuandika."

"Bi mkubwa, mtu mmoja, vitanda vinane. Huyo hatafuti wapangaji, huyo anatafuta wakwe."

Nimejidai sikusikia, nikamuuliza bei ya kaniki. Yeye kasema, "Hata kwetu kijana ndiye anayekuja nyumbani kwa binti. Anapewa chai, tunatazama anavyoshika kikombe. Sijaona bado binti akapelekwa na mjomba na shangazi na masufuria."

Haya, niambie wewe. Hii ni likizo, au ni posa imepanda treni kinyumenyume? Kwetu mwanamume ndiye anayebisha hodi. Ukoo wa mwanamke ukishafunga masanduku ukaenda kulala kwa mwanamume, ukala kuku wake, kesho yake utamkatalia kwa mdomo upi? Nataka jina, kabila, na wazee wake wako wapi.

Na hao wanaopanga Septemba hawajui wanalopanga. Upepo wa Dodoma wakati huo unachana midomo. Na treni ikifika asubuhi, pa kukaa ni benchi lililo karibu na mlango wa stesheni masta, maana lile la pili linapigwa jua mpaka alasiri. Mimi nasema tu.

Bibi yako,
Binti Abdulmalik


Hombolo
12 Julai 1992

Bibi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Watoto wangu wa darasa la tatu sasa wamekuwa tisini na wanne, chaki imebaki moja. Pole na ukili.

Barua hii tafadhali usimsomee mtu. Hata Bi Janki.

Anaitwa Bakili. Ni Myao wa Tunduru. Baba na mama wote wamefariki, amebaki na mjomba mmoja ambaye ni mgonjwa na hawezi safari ya kutoka kitandani hadi uani, sembuse Dar es Salaam. Tunajuana mwaka wa pili huu. Tangu mwaka jana alitaka kuja kubisha hodi, halafu akapunguzwa kazi. Mtu hana kazi, hana mzee wa kumsemea, akasimame mlangoni kwa Binti Abdulmalik? Aliona haya. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tuwalete nyumbani kwako kwanza waje kupumzika, walione shamba, wakuone wewe ulivyo, halafu siku ya tatu baada ya chakula utampa ami Shomari barua yako ya posa." Ukigomba, bibi, nigombeze mimi. Yeye hata vitanda alitaka kuuza viwili, nikamkataza.

Nampenda, bibi. Kuna siku nilimkuta anafunga matawi ya mzabibu kwenye waya, taratibu, tawi kwa tawi, kama anayefunga kidonda cha mtoto anayeogopa. Nilisimama nikasahau nilichofuata. Sijui nikuandikie nini zaidi ya hapo.

Na yeye zabibu zake hataki kuzipeleka kwenye mapipa ya mvinyo tena. Hata hao wanunuzi wa huku msimu uliopita walichukua nusu, nusu ikaozea shambani. Anasema zikifika sokoni Kariakoo zikiwa nzima, watu watanunua za kula.

Nafasi za treni ameshawawekea, behewa la daraja la pili, chumba kizima. Usikatae.

Halafu, bibi. Ulituambia hujawahi kuvuka mto Ruvu maisha yako yote. Umelijuaje benchi la stesheni ya Dodoma?

Badria


Kariakoo
30 Julai 1992

Badria,

Benchi liache.

Marahaba. Sisi wazima. Ghorofa imefika ya tatu na jua la asubuhi halifiki tena uani kwangu, nguo nazianika barabarani kama bendera. Tatu amefungua mizigo kutoa sufuria, akaifunga tena.

Jibu langu ni hapana. Hatuji. Mwambie huyo Bakili azirudishe hizo nafasi za treni wapande wengine.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeibandika bahasha, nikaibandua. Haya, nitakuambia mara moja tu, na ukinirudishia swali nitakukana.

Babu yako alikuwa fundi wa reli. Mwaka wa hamsini na moja walimpeleka Dodoma. Alikuwa ameniposa, baba yangu akamwambia ngoja, akija mwezi mtukufu tutazungumza. Mie nilikuwa na miaka kumi na minane na masikio ya kuziba. Nikachukua kanga mbili na sufuria moja, nikapanda treni. Sikumwambia mtu. Nikafika asubuhi, na yeye hayuko, wamempeleka chini huko kutengeneza daraja. Nimekaa kwenye benchi hilo tangu asubuhi hadi alasiri, nimepakata sufuria yangu. Kila anayepita ananiuliza, "Wewe binti, ni wa nani?" Nilikuwa na ukoo wa kujaza mtaa mzima, na siku ile sikuwa na jina la kuwapa. Nikawa nasema namngoja mtu.

Tulifunga ndoa kwa kadhi wa kule, mashahidi mafundi watatu wana grisi mpaka kwenye kofia. Babu yako alikuwa mume mwema, hilo halina mjadala. Lakini tuliporudi Dar, baba yangu alikuja kwangu kila Idi kwa miaka kumi na mmoja. Alisimama mlangoni, akatoa salamu, akauliza hali za watoto. Kila mara nilimletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha kaure. Kila mara alisema, "Weka tu, binti yangu." Akaondoka. Hakuyanywa mpaka anaingia kaburini, maana hakuna aliyerudi kwake kumwomba ruhusa ya ile ndoa.

Kikombe ninacho. Nimekiweka juu ya kabati, si cha kutumia.

Basi usije ukanieleza habari za bwawa na hewa. Mimi sikatai Myao, wala sikatai aliyepunguzwa kazi. Wanapunguzwa wengi siku hizi, wangekuwa wote wabaya nchi ingekwisha. Nakataa wewe kukaa kwenye benchi. Akitaka mtoto wangu aje hapa, abishe hodi, akae barazani akiwa hajui kama tutamfungulia. Hana mzee, na atafute mzee. Mzee hanunuliwi dukani lakini haazimwi kwa shida vilevile. Barua iwe kwenye leso safi. Akija, tutaona. Asipokuja, pia tutakuwa tumeona.

Bibi yako,
Binti Abdulmalik


Hombolo
19 Agosti 1992

Bibi,

Shikamoo. Sitauliza kitu.

Amepata mzee. Ni Mwalimu Elieshi, mkuu wa shule wetu aliyestaafu. Ni Mchaga na ni Mlutheri, lakini ndiye mwenye mvi nyingi kuliko wote hapa, na ana suti. Wamepata lori linalokuja Kariakoo. Watafika Jumamosi tarehe 29, Mungu akipenda, pamoja na makasha arobaini ya zabibu, kwa sababu mavuno yameanza na hawezi kuyaacha nyuma. Mimi nabaki shuleni kama inavyofaa.

Bakili ameniuliza nini cha kufanya akikaribishwa. Nimemwambia asikae mpaka aambiwe, na akipewa maji anywe.

Badria


Kariakoo
6 Septemba 1992

Badria,

Kwanza mwambie mumeo mtarajiwa kwamba mtu haendi kuposa na nyuki.

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Shomari, uso umemvimba upande mmoja, na sababu nitaieleza.

Jumamosi saa mbili asubuhi lori limeingia mtaani likakwama kwenye mchanga wa ghorofa, mkabala kabisa na mlango wangu. Makasha arobaini yananukia sukari, na nyuki wote wa Ilala wako juu yake, Mungu ndiye anayejua walikopatia habari, labda kwa Tatu. Wakashuka wawili. Mzee wa suti na kijana mwembamba wa shati jeupe, leso mkononi. Wakabisha hodi.

Sikufungua. Mposaji lazima aonje benchi la baraza, ndiyo ada, na mimi nilikusudia alionje barabara. Shomari ndani amevaa koti lake la manyoya kwa heshima ya wageni, jasho linamtoka kama aliyetoka kuoga, ananiambia, "Mama, wafungulie." Nikamwambia akae chini, bado hawajachoka.

Nusu saa ikapita. Barabarani watu wanakemea, dereva anapiga honi, muuza vitumbua kahamisha meza yake aje kuona vizuri. Wenye maduka wanamwita kijana, "Kaka, zabibu zako zinapikika, njoo uuze." Haendi. Nikachungulia kwenye pazia. Mwalimu kamwambia, kaa, mtoto. Kakaa ukingoni mwa benchi langu, ile leso kaipakata magotini kwa mikono miwili. Mtoto mdogo kapita kamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Akasema, "Namngoja mtu."

Badria, miguu yangu ilitangulia kabla sijaiambia. Nimefungua mlango mwenyewe, mimi mwanamke, kabla ya mjumbe kusema neno na kabla ya ada ya mlango kutolewa. Wazee wa mtaa wananisema mpaka leo, na waseme. Nikamletea maji. Akayanywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kumbe walikuwa hawajanywa kitu tangu Morogoro.

Akataka kutoa leso. Nikamwambia, "Weka kwanza. Posa haiozi, zabibu zinaoza." Nimejitanda kanga ya pili, nimekaa juu ya kasha pale pembeni, na mguu wangu huu huu, nimeuza zabibu kuanzia saa tatu hadi adhuhuri. Janki kaja na wenzake watatu kutoka Mchafukoge, wamebeba makasha sita na kumtazama kijana anavyoshika mzani. Kanikonyeza. Ndipo Shomari alipokuja kusaidia, nyuki akaipenda ile kola ya manyoya.

Nimezionja. Ni tamu. Sisemi zaidi.

Baada ya sala ya adhuhuri tukakaa. Mwalimu Elieshi kasimama na kusema kwa dakika arobaini, kama anafungua shule. Mchaga anamposea Myao binti wa Kizaramo, na hakukosea ada hata moja, kajifunza kwenye daftari. Ikafika mahali pa kumuuliza mwali kama anaridhia. Mwali hayupo chumbani, yuko Hombolo na chaki moja. Wanaume wakaanza kutazamana, tungoje barua, tungoje mwezi ujao. Nikaitoa barua yako ya tarehe kumi na mbili Julai. Uliniambia nisimsomee mtu. Sikumsomea mtu, nimewasomea watu kumi na wanne. Nimesoma pale uliposema nampenda, bibi, na pale penye matawi na kidonda cha mtoto. Bakili kainama mpaka nikadhani ameangusha kitu. Mwalimu Elieshi kafuta miwani yake. Shomari kasema, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi, "Ameridhia."

Basi umeposwa.

Sasa sikiliza nikupangie, maana mipango yako tumeiona. Nikaha tutafunga hapa hapa Sikukuu mwezi wa kumi na mbili ukipata likizo, utatoka kwenye mlango huu huu, kabla hawajaununua nao wakajengea ghorofa. Mwezi wa pili, mavuno mengine yakianza na kabla ya Ramadhani, ndipo tutakuja kupumzika. Saba wote, kwenye vitanda vyote, na hicho cha nane asiuze mtu, kitajaa chenyewe. Bakili aweke nafasi za treni upya. Kuku, si samaki. Godoro gumu. Tatu hajafungua mizigo, kwa hiyo yeye yuko tayari.

Siku ya kufika, uwe stesheni kabla ya treni. Usikae kwenye lile benchi, simama. Kikombe cha kaure nakuletea, kimefungwa kwenye kanga. Tukifika Hombolo, kabla ya zabibu na kabla hamjanionyesha bwawa, kichukue, kioshe, unijazie maji ya nyumbani kwako uniletee mlangoni, watu wote wakiona. Maji yawe ya mtungini, ya baridi. Usijaze nusu.

Bibi yako,
Binti Abdulmalik